Kuvaa vizuri katika ujauzito Nyanda za Juu Kusini kwa fedha kidogo

Mwezi Juni na Julai, mama mjamzito anayetoka Uyole alfajiri kwenda mjini Mbeya huhitaji sweta, soksi na kitu cha kufunika shingo, lakini ikifika saa saba mchana jua huwa limewaka na nguo zile zile zinamchosha. Mwili wake nao una joto lake, kwa sababu katika ujauzito kiasi cha damu huongezeka kwa karibu asilimia 40 hadi 50, na sehemu ya damu hiyo hupita kwa wingi karibu na ngozi. Ndiyo maana ushauri wa kununua madera mawili mapana na kandambili, ambao unamfaa mtu wa Tanga au Dar es Salaam, haumtoshi mtu wa Mbeya, Iringa, Njombe wala Makete. Huku kwetu nguo ya mimba inapaswa kulipatia tumbo nafasi, kuzuia baridi ya asubuhi, na kuvulika kwa urahisi mchana.

Naandika kama mshonaji. Kwa miaka niliyokaa kwenye cherehani hapa Iringa nimeona fedha nyingi za wajawazito zikiishia kwenye nguo za nje zinazovaliwa wiki chache, huku mama huyo huyo akivumilia sindiria inayomkata mabega na kiatu kinachomtelezesha kwenye mteremko. Nashauri kinyume chake: fedha taslimu iende kifuani, miguuni na kwenye joto, na vazi la nje litoke kwa sehemu kubwa sandukuni mwako, kwa fundi, na kwenye mitumba iliyochaguliwa kwa makini. Tuseme umetenga shilingi 100,000 kwa miezi yote. Mimi ningeweka 25,000 kwenye viatu, 25,000 kwenye sindiria na nguo za ndani, 30,000 kwenye kitambaa na ufundi, na 20,000 kwenye mitumba ya kujikinga na baridi. Kama una nusu ya kiasi hicho, punguza kitambaa na mitumba kwanza, usipunguze viatu wala sindiria.

Hatua ya kwanza: sanduku kabla ya soko

Mwishoni mwa mwezi wa tatu wa mimba, wakati suruali na sketi zinaanza kubana, toa nguo zako zote na uzitandaze kitandani. Usiamue kwa macho. Vaa kila moja, kaa kwenye kiti, inama kama unayeokota kitu, kisha nyoosha mikono juu. Nguo inayopita majaribio hayo matatu bila kukubana wala kupanda mgongoni itakufaa kwa miezi kadhaa bado. Mashati yanayofunguka mbele, gauni zisizokatwa kiunoni, sketi za lastiki na fulana ndefu karibu zote hupita, na mara nyingi mama hugundua kwamba ana nguo saba au nane ambazo hakuzihesabu.

Zile ambazo zinabana kiunoni tu lakini zinakaa vizuri kwingineko ziweke upande wa fundi. Zinazobana kifuani na makwapani zifue, zikunje na uzihifadhi, kwa kuwa kifua ni vigumu kukiongezea nafasi bila kuharibu vazi.

Kwa suruali au sketi yenye kifungo, kuna njia ambayo haigharimu chochote na inakuvusha wiki nne hadi sita. Chukua lastiki ya kufungia nywele, ipitishe kwenye tundu la kifungo, ivute ijipitie yenyewe mpaka ikaze, kisha ncha iliyobaki izungushe kwenye kifungo. Zipu itabaki wazi kidogo, kwa hiyo juu yake vaa shati au fulana inayoshuka hadi nyongani.

Hatua ya pili: sketi moja ipelekwe kwa fundi

Kufikia wiki ya 20 mji wa mimba huwa umefika usawa wa kitovu, na hapo lastiki ya nywele haisaidii tena. Chagua sketi moja nzuri ya rangi tulivu, nyeusi, kahawia au buluu iliyoiva, ambayo itavaliwa na karibu kila blauzi uliyo nayo. Hiyo ndiyo utakayoigharamia, na nitaeleza kazi yake kwa kina ili umweleze fundi wako bila kubahatisha, au uifanye mwenyewe kama una cherehani.

Fundi afumue mkanda wote wa kiuno pamoja na zipu, kwa uangalifu, bila kukata kitambaa. Mkanda na zipu vikunjwe, vitiwe kwenye mfuko mdogo na kurudishwa kwako, maana vitahitajika baadaye. Kisha achukue fulana ya zamani ya pamba inayovutika, akate kipande kirefu chenye upana wa sentimita 40, na kukikunja katikati ili kiwe mkanda wa tabaka mbili wenye kimo cha sentimita 20. Urefu wake uwe mzunguko wa tumbo lako ukipunguza sentimita nane hivi, ili mkanda ushike bila kuminya. Mkanda huo ushonwe juu ya sketi kwa mshono wa zigizaga, kwa sababu mshono ulionyooka hukatika kitambaa kinapovutika. Mkanda wa aina hii unaweza kupandishwa ukafunika tumbo lote, na huku kwetu hilo ni faida kubwa, kwa maana unafanya kazi ya singlendi ya ziada asubuhi. Mchana unaukunja chini ya tumbo.

Jambo ambalo mafundi wengi husahau ni pindo la mbele. Tumbo linapokua huivuta sketi juu kwa mbele, na mama aliyeondoka nyumbani na sketi iliyolingana pande zote huonekana kama amevaa sketi iliyokatwa kombo. Mwambie fundi aachie sentimita tano hadi nane za ziada mbele, zikipungua taratibu kuelekea ubavuni, au afumue pindo la zamani na kulipinda upya kwa namna hiyo.

Mteja mmoja aliniletea sketi yake ya kazini akiwa na mimba ya miezi sita na kuniambia, "Mama fundi, nitengenezee yoyote tu, nitaivaa miezi mitatu basi." Nilimwomba akae kwenye kigoda, nikapima tena akiwa amekaa, na mzunguko wa tumbo ukaongezeka kwa sentimita sita. Tangu siku hiyo nampima kila mjamzito mara mbili, akiwa amesimama na akiwa amekaa, na nakushauri umwombe fundi wako afanye hivyo hata kama ana haraka.

Hatua ya tatu: kitenge kitakachovaliwa hadi mtoto awe mkubwa

Gauni moja au mawili ya kitenge yanatosha, ilimradi yakatwe kwa kufikiri. Kabla ya kukipeleka kwa fundi, kiloweke kitambaa usiku mmoja, kifue na kukianika, kwa kuwa kitenge cha pamba hurudi, na gauni lililoshonwa kabla ya kurudi huishia kubana pale ulipotaka nafasi. Kwa gauni refu lenye mikono, mita tatu na nusu hadi nne zinatosha wengi wetu.

Mkato unaofaa ni ule unaokata chini tu ya kifua, kisha kitambaa kikashuka kwa marinda laini. Marinda yasiwe mazito mbele, maana huongeza ukubwa pale ambapo tayari kuna ukubwa. Yawekwe ubavuni na mgongoni, na mbele yabaki mawili au matatu tu. Mabega yapimwe barabara. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu wanawake wengi hudhani kuvaa mimba ni kuvaa nguo ya mtu mwingine aliye mkubwa zaidi, na matokeo yake bega linashuka hadi mkononi, kwapa linaning'inia na mama anaonekana amechoka hata kama hajachoka. Vazi likikaa sawasawa mabegani na chini ya kifua, tumbo hujipatia nafasi yake na umbo la mama hubaki likionekana.

Kwa upande wa kifua, mwambie fundi aache mshono wa ndani wenye upana wa sentimita tatu kila ubavu, ambao unaweza kufumuliwa na kuachiwa. Aweke pia zipu mbili za kuficha, moja kila upande, ndani ya mishono inayopita juu ya matiti. Gharama yake ni ndogo, nazo hulifanya gauni la mimba kuwa gauni la kunyonyesha. Kwa kuwa mtoto hunyonyeshwa maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo na kuendelea kunyonya pamoja na chakula hadi miaka miwili au zaidi, gauni hilo litavaliwa muda mrefu baada ya kujifungua, na ndipo utakapoona fedha yako imefanya kazi.

Tundu la mkono liwe pana kiasi cha kuingiza sweta jembamba kwa ndani. Fundi wa pwani hangekuuliza swali hilo, lakini wa Njombe anapaswa kukuuliza.

Kuhusu sare za harusi, sendofu na kicheni pati, ambazo huja bila kujali mimba ina miezi mingapi: omba upewe kitambaa mapema, usipimwe zaidi ya wiki tatu kabla ya sherehe, na chagua mkato huo huo wa chini ya kifua. Baada ya sherehe vazi hilo litakuwa gauni lako la ibada.

Hatua ya nne: mitumba kwa ajili ya baridi

Nenda Mwanjelwa kama uko Mbeya, au Mlandege kama uko Iringa, asubuhi wakati marobota yanafunguliwa, na ubebe futi ya fundi mkobani. Usitafute nguo iliyoandikwa kuwa ni ya wajawazito, kwa kuwa ni chache na zikipatikana hupandishwa bei. Tafuta sweta refu la kufunguka mbele, shati la kiume la flana, fulana ndefu za pamba zinazovutika, na skintaiti nene yenye kiuno kipana. Sweta la kufunguka mbele halihitaji kufungwa tumboni: linafunika mabega, mgongo na mikono, na tumbo linafunikwa na kile kilicho ndani.

Kabla ya kulipa, geuza vazi ndani nje, tazama makwapa na mishono ya ubavuni, livute kwa mikono miwili na kuliachia uone kama linarudi, kisha linuse. Harufu ya dawa ya kuhifadhia hutoka kwa kuloweka na kufua mara mbili kwa maji ya moto na sabuni. Harufu ya ukungu haitoki kwa urahisi, na vazi lake liache. Baada ya kufua, anika juani na upige pasi pande zote mbili.

Nguo za ndani za mitumba usinunue hata zikiwa zinaonekana mpya. Shirika la Viwango Tanzania linakataza kuziingiza na kuziuza nchini kwa sababu za kiafya, na mjamzito ana sababu ya ziada ya kuziepuka, kwani maambukizi ya fangasi ukeni huwapata wajawazito kwa wepesi zaidi.

Koti zito usinunue. Katika mimba yangu ya kwanza nilinunua koti kubwa kwa fedha ambayo ingenipatia viatu, na mimba ilipofika miezi minane halikufunga mbele hata hivyo. Azima koti la mumeo au la kaka yako, liache wazi, na ndani yake zungusha kitenge kifuani na tumboni kama shali. Tabaka tatu nyembamba hushika joto kuliko moja nene, kwa sababu hewa iliyo katikati ya tabaka ndiyo inayozuia baridi, na ukipanda daladala iliyojaa unaweza kuvua moja bila kubaki umetetemeka.

Kuvaa joto ni jambo la usalama pia. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa Julai na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyoonekana wala kunuka, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu ya mama na kumfikia mtoto tumboni. Lala na soksi, sweta na blanketi mbili, na jiko libaki nje.

Hatua ya tano: kifua na nguo za ndani

Matiti huanza kukua mapema, mara nyingi kabla tumbo halijaonekana. Sindiria unayohitaji ina mikanda mipana ya mabegani, kitambaa cha pamba kwa ndani na haina waya. Inunue ikiwa inafungika kwenye kitanzi cha ndani kabisa, ili mbavu zinapopanuka uhamie kwenye vitanzi vya nje. Mbili zinatosha, moja mwilini na moja kwenye kamba, ingawa kipindi cha mvua huko Tukuyu, ambako nguo zinaweza kukaa siku mbili bila kukauka, ya tatu ni ya lazima. Ukinunua katika miezi ya mwisho, chagua zinazofunguka kwa mbele au kwenye kikombe, kwa ajili ya kunyonyesha.

Chupi ziwe za pamba, zinazokaa chini ya tumbo au zinazolifunika kabisa. Ile inayopita katikati ya tumbo hujiviringisha na kukwaruza.

Hatua ya sita: viatu

Miguu huvimba kidogo katika miezi ya mwisho, na viungo hulegea kutokana na homoni za ujauzito, hivyo nyayo zinaweza kutanuka. Nunua viatu jioni, wakati mguu umefikia ukubwa wake wa siku, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Soli iwe na meno. Anayepanda kutoka Ipogolo kwenda mjini Iringa, au anayeshuka kwenye udongo mwekundu wa Rungwe baada ya mvua, anaelewa kwa nini kandambili hazifai: uzito umehamia mbele, mizani ya mwili imebadilika, na mguu unaoteleza hauna pa kushika. Raba za kuchomeka, zisizo na kamba, ni bora kuliko zote, kwa kuwa kuanzia mwezi wa nane kuinama kufunga kamba ni kazi. Kisigino kisizidi sentimita tatu. Soksi zisiache alama ya kubana chini ya goti.

Uvimbe wa kawaida hupungua ukilala na kuinua miguu. Uvimbe unaokuja ghafla usoni na mikononi, hasa ukifuatana na maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu au maumivu ya juu ya tumbo, ni dalili ya kifafa cha mimba kinachokaribia, na mama anapaswa kufika kituo cha afya saa hiyo hiyo. Basi ukiona pete imekaza ghafla au kiatu cha jana hakiingii leo, tazama pia uso wako kwenye kioo kabla ya kulaumu kiatu.

Hatua ya saba: siku ya kliniki na safarini

Siku ya kliniki vaa blauzi na sketi, usivae gauni. Muuguzi atapima tumbo, na mwenye gauni hulazimika kulipandisha lote huku chumba kikiwa na baridi. Mkono wa blauzi uwe mpana kiasi cha kupandishwa juu ya kiwiko bila kubana, kwa sababu kipimo cha shinikizo la damu hufungwa sehemu ya juu ya mkono, na mkono wa sweta uliosongamana pale juu unaweza kuvuruga kipimo. Beba kanga moja: ya kutandika, ya kujifunika, na ya kujitanda wakati wa kurudi.

Kwenye bodaboda, ikikulazimu kuipanda, hakikisha ncha za kanga na kitenge zimechomekwa kiunoni, maana kitambaa kinachopepea hunaswa na tairi la nyuma. Kwenye gari lenye mkanda, sehemu ya chini ya mkanda ipite chini ya tumbo, juu ya nyonga, na ya juu ipite katikati ya matiti.

Hatua ya nane: mfuko wa kujifungua na nguo za baada yake

Kuanzia wiki ya 36 weka mfuko tayari. Kwa upande wa mavazi, tia doti mbili au tatu za kanga zilizokwisha kufuliwa mara kadhaa, kwa kuwa kanga mpya ina wanga na hainyonyi maji, sindiria ya kunyonyeshea, chupi za pamba nyeusi tano au sita, soksi mbili, sweta la kufunguka mbele, na lile gauni la kitenge lenye zipu. Usiweke nguo zako za kabla ya mimba. Tumbo huchukua wiki kadhaa kurudi, na siku ya kutoka hospitali mama wengi huwa na ukubwa wa mimba ya miezi mitano au sita. Kama mama mkwe au shangazi atataka kukufunga tumbo kwa kanga, mwombe kwa heshima asikaze, na kama umejifungua kwa upasuaji, muulize muuguzi kwanza.

Sketi iliyofumuliwa itaendelea kuvaliwa ukiwa umekunja mkanda wake wa fulana chini ya tumbo. Siku ambayo mkanda huo utaanza kuteleza nyongani, mpelekee fundi sketi hiyo pamoja na ule mfuko mdogo wenye kiuno cha zamani na zipu. Kuvirudisha ni kazi ya nusu saa. Ule mkanda wa fulana uombe urudishiwe, uufue, na uupeleke pamoja na sweta la kufunguka mbele kwa dada au wifi ambaye ameanza kufunga sketi yake kwa lastiki ya nywele.